Vitenge Juu ya Paneli

Paneli za jua za kusukuma maji zilipoletwa kijijini kwetu, kando ya barabara inayotoka Baraka kupanda kuelekea Fizi, hazikupandishwa juu siku hiyohiyo. Vyuma vya kuzibeba vilikuwa bado njiani, au bandarini, kila mtu alikuwa na habari yake. Basi zikaegemezwa kwenye ukuta wa nyumba yetu, kwa sababu kisima kirefu kilikuwa kimechimbwa mpakani mwa shamba letu la mihogo, na kwa sababu mama yangu ni mtu ambaye watu humwachia vitu vyao bila wasiwasi. Zikakaa pale, nyeusi, ndefu, bega kwa bega, kama wageni waliofika na hakuna aliyewakaribisha.

Koko ndiye aliyewakaribisha.

Koko ndivyo tunavyomwita bibi. Huyu alikuwa mama wa mama yangu, mwanamke mwembamba mwenye pumu, na macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu mweupe. Kila asubuhi, jua lilipoufikia ule ukuta, alichukua kiti chake kifupi akaenda kukaa mbele ya paneli. Nilidhani anaota jua. Nilikuwa nimekuja kupumzika kutoka Bukavu, sikuwa na kazi ya maana, na siku moja nilipita nyuma yake na beseni la nguo nikamsikia akiongea.

"Umekonda," alikuwa akisema. "Banakulisha nini kule?"

Nikasimama.

"Koko, unaongea na nani?"

"Na mudogo yangu. Haumuone? Ule pale, amekaa."

Niliinama nikatazama. Ndani ya ule weusi alikuwamo mwanamke mzee, amekaa, ameinamisha kichwa kidogo kama anayesikiliza. Hakuwa na macho. Palipopaswa kuwa na macho palikuwa na vivuli viwili tu, na nyuma yake palikuwa na mbingu nyeusi, mchana kweupe.

Mdogo wa koko alipotea ziwani wakati wa vita. Hakuzama, nasema alipotea ziwani kwa sababu ziwa ndilo lililomchukua. Walikimbilia rasi ya Ubwari pamoja, wakapanda mitumbwi miwili tofauti, na ule wa koko ukarudishwa na mawimbi. Ule mwingine uliendelea kuelekea ng'ambo. Tangu hapo, kila aliyevuka kwenda kwenye kambi za wakimbizi alibebeshwa jina lake na mama yangu, na kila aliyerudi alirudi bila habari. Watu husema dada hao walifanana hata baba yao alikuwa akiwachanganya.

Mama hakuyapenda mazungumzo ya pale ukutani. Alitoka jikoni akifuta mikono.

"Mama, ile ni kioo tu. Ni weye."

Koko hakugeuka. "Mi nimefunga kitambaa ya rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na ule?"

Mama akainama kutazama. Katika paneli kitambaa kilikuwa cheusi.

"Njo vile, unaona," koko akasema, kwa upole wa mtu aliyeshinda mabishano bila kutaka. "Yeye iko na matanga. Sijui amefiwa na nani."

Vyuma vilipofika, mafundi walizibeba paneli mbilimbili, wakazipandisha juu ya nguzo ndani ya uzio, hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Koko aliwafuata akiwashika mashati. "Munamupeleka wapi?" Fundi mmoja, kijana mcheshi, alimjibu bila kujua anajibu nini: "Tunamupandisha juu, koko, akuwe anaona ziwa." Koko alicheka, akampigia makofi.

Na siku pampu ilipowashwa, ile iliyoshushwa chini kabisa ndani ya kisima, ilitoa mngurumo ambao masikio hayakuupata vizuri. Uliingia kupitia nyayo. Koko alivua ndala zake, akasimama juu ya udongo, akafumba macho.

"Ameamuka," akasema.

Kuanzia siku hiyo maji yetu yakawa na tabia za jua. Asubuhi yalikuja membamba, saa sita yalikuja kwa nguvu mpaka bidoni, madumu yetu ya kutekea, zikaruka. Wingu likipita, wanawake waliokuwa kwenye foleni walilijua kwa sauti ya bomba kabla hawajatazama juu. Tangi lilikuwa mlimani na bomba letu lilikuwa pembeni mwa ua. Hatukushuka tena mtoni, na hilo halikuwa jambo dogo, maana kule chini kolera, kipindupindu, hurudi kila msimu kama mtu mwenye shamba lake. Tuliyanywa maji yale bila kuyachemsha. Mngurumo ukawa sehemu ya nyumba. Tukaacha kuusikia.

Koko alifariki msimu wa kiangazi, asubuhi, akiwa ameketi. Nilikuwa nimefika juzi yake. Pumzi yake ilikuwa na namna yake: iliingia na mluzi, ikasimama, ikatoka polepole kama mtu anayeburuta mkeka. Asubuhi hiyo ilisimama, nasi tukasubiri sehemu ya tatu.

Kwetu, mtu akifa, vioo vyote vya nyumba hufunikwa. Husemwa kwamba marehemu akiuona uso wake kabla ya kuzikwa, atadhani bado ni mmoja wetu, atakaa. Mama hakulia kwanza. Alifunika kioo cha chumbani. Aligeuza picha ya harusi yake, kwa sababu ina kioo. Alizilaza simu zetu kifudifudi mezani. Alimwaga maji yote yaliyokuwa wazi kwenye masufuria. Kisha akatoka uani, akaziangalia paneli zikimetameta juu ya nguzo zao.

"Na zile," akasema.

Mkubwa wa komite ya maji, mzee mwenye ufunguo wa uzio, alikuwa ameshafika kwa ajili ya kilio. Alivua kofia.

"Mama, tukifunika zile, pampu itakufa."

"Haitakufa. Italala."

"Na bantu bote hawa? Batakunywa nini?"

Mama alimsogelea. Aliongea chini chini, lakini nilikuwa karibu. "Mzee, unajua namna alikuwa anaongea na ule wa mule ndani. Akimuona, ataenda kukaa naye. Hatatoka tena. Na weye utafungua robine ya bomba, utakunywa mayi yake. Nataka mama yangu aende. Njo ile tu naomba. Aende."

Hakuna anayemkatalia mfiwa siku ya kwanza. Mzee akatoa ufunguo.

"Mpaka tuzike," akasema. "Kesho asubuhi, si ni vile?"

"Kesho asubuhi."

Wanawake walivua vitenge vya juu, vile walivyojifunga wakija kilioni, wakavipandisha kwa ngazi na kuvifunga kwa kamba za mkonge. Vya kijani, vya njano, kimoja chenye kuku na vifaranga. Paneli ya katikati mama aliifunika kwa kitenge cha koko mwenyewe, kilichofuliwa mpaka maua yake yakabaki kama madoa. Ule mngurumo uliteremka, ukateremka, ukakatika. Ndipo nilipojua kwamba ulikuwa ndani ya nyumba yetu muda wote, katika vikombe, katika magodoro, ndani ya meno yangu. Kimya kilichobaki kilikuwa na umbo la kitu kilichoondolewa.

Kesho asubuhi haikuwa ya kuzika. Mjomba, mtoto pekee wa kiume wa koko, anauza samaki Kazimia, na bila yeye hakuna ambaye angetupa udongo wa kwanza. Alikuwa amepanda boti, akapiga simu kutoka Ubwari: mashini imeharibika, wanatafuta nyingine, tumsubiri. Sauti yake ilikatikakatika. Mama alimwambia tutamsubiri, akailaza simu kifudifudi.

Lakini kilio kinakula na kinakunywa. Bugali wa usiku kucha, sombe ya majani ya mihogo, vyombo, miguu ya wageni waliotoka mbali na vumbi lake. Tangi la mlimani lilikuwa likishuka bila kujazwa. Kulipopambazuka mtu alifungua bomba, likatoa kutu kidogo, likanyamaza. Kisha likapumua.

Nasema likapumua kwa sababu sina neno jingine. Hewa iliingia na mluzi, ikipanda kuelekea mlimani kwenye tangi tupu. Ikasimama. Kisha ikatoka, polepole, kama mkeka unaoburutwa.

Binamu yangu mmoja alikuwa anafanya utani, kama wajukuu wa kiume wanavyoruhusiwa kwetu, maana bibi ni mke wao wa mdomoni. Alikuwa anapiga kelele, "Bibi yangu, umeniacha, na mahari nani atanirudishia?" na watu walikuwa wakicheka katikati ya machozi. Akakatiza neno. Wote waliokuwa uani waligeukia bomba.

Likavuta tena.

"Mufunge ile robine!" mama akapiga kelele kutoka mlangoni.

Mtu alifunga. Lakini bomba letu lilikuwa limelegea siku nyingi, na pumzi ikabaki ndani yake, ndogo, ya mtu aliyefunikwa shuka. Tuliisikia asubuhi nzima. Wanawake walianza kulia juu zaidi ili wasiisikie, na walipochoka, ilikuwepo.

Saa sita jua lilisimama juu ya vichwa vyetu. Vivuli vilijificha chini ya miguu. Nilikuwa nimeketi mkekani karibu na mama nilipohisi kitu katika visigino. Nilimtazama mama. Na yeye alikuwa amezitazama nyayo zake.

Pampu ilikuwa inanguruma.

Vitenge vilikuwa mahali pake, vyote, vimefungwa. Ufunguo wa uzio ulikuwa mfukoni mwa mzee. Aliutoa akatuonyesha bila kuulizwa. Mngurumo ulipanda kidogo, ukatetemeka, ukafa. Ukaanza tena. Mara ya tatu bomba lilikohoa, likatema maji mekundu ya vuguvugu ndani ya beseni lililoachwa chini yake, na likanyamaza.

Leo najua kwamba jua la saa sita linaweza kupenya kitenge kilichochakaa, na kwamba pampu ikipata nguvu kidogo hujaribu kuamka, ikashindwa, ikajaribu tena. Hata siku ile nilikuwa na mawazo ya namna hiyo. Hayakunisaidia lolote. Niliondoa miguu yangu ardhini, nikaikalia.

Hakuna aliyeyagusa maji yale. Yalikaa ndani ya beseni, na jua likiwamo ndani yake, mpaka mama alipoinuka akayafunika kwa kanga.

Shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke ambaye ulimi wake haujui kilio wala harusi, alivuta ugoro wake akasema: "Mulifunika macho. Mulisahau mudomo."

Wengine walicheka, kicheko kifupi, kibaya.

Ndipo mzee wa maji alipomwita mama pembeni ya uzio, nami nikaenda. Alinyoosha kidole barabarani. Wanawake wanne, wawili wao Warundi wanaolima shamba la nyuma yetu na ambao walikuwa wamemwosha koko pamoja nasi, walikuwa wakishuka na bidoni tupu kuelekea mtoni.

"Unaona?" akasema. "Banakwenda kule. Weye unajua kule iko nini. Bakileta ile mayi hapa, kwa bugali ya kilio, tutazika wangapi?"

"Kaka yangu iko njiani."

"Kaka yako iko Ubwari anaangalia samaki. Mama, mi nakuheshimu. Lakini fungua."

Mama aliwatazama wale wanawake wakishuka. Nilidhani ameshindwa. Kisha akasema, "Ile bikwembe tulifunga ni myepesi. Inapitisha. Mama" — ndivyo anavyoniita mimi, kama wazazi wa kwetu wanavyowaita binti zao — "leta mablanketi."

"Mama!"

"Leta. Amekwama mulangoni. Haumusikie? Anatoka, anarudi. Ni sababu ya ile mwangaza kidogo. Tufunge kabisa, apate kwenda."

Nilileta mablanketi mawili ya nyumbani. Mzee alifungua uzio, akaondoka asitazame. Nilishika ngazi, mama akapanda, blanketi begani, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu. Alifika kwenye paneli ya katikati. Alifungua kamba ya kitenge cha koko ili alilaze blanketi chini yake. Alipokifunua alifumba macho kwanza. Niliona hivyo kwa namna shingo yake ilivyokaza. Kisha akayafungua.

Akaiinamia paneli.

"Hakuna mutu," akasema.

"Nini?"

"Haimo. Hakuna mutu mule ndani. Ni vumbi." Aliipitisha mikono juu ya paneli kama anayetafuta mlango gizani. Kiangazi chote kilikuwa pale juu, vumbi la barabara, moshi wa mashamba yanayochomwa, mavi ya ndege. "Mama alikuwa anaongea na nani? Alikuwa anaongea na nani, sasa? Kama ule haiko humu, na kule ng'ambo haiko, mama anakwenda kwa nani?"

Akalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi ya jana. Alilia akiwa juu ya ngazi, paji la uso limegusa kile chuma cha moto, na ngazi nzima ikatetemeka mikononi mwangu. Chini yetu pampu ilianza tena kunguruma kidogo, ikakatika.

"Nipatie mayi," akasema mwisho.

"Mama, mayi hakuna."

"Ile ya beseni."

Nilienda. Nilifunua kanga, nikaliinua beseni nikiangalia pembeni. Maji yalikuwa ya joto kama mwili. Watu wote waliokuwa kilioni walinitazama nikipita. Nilimpandishia mama beseni kwa mikono iliyonyooshwa, na yeye akalishikilia kwenye kiuno, akachovya kitenge cha koko, akaanza kuiosha ile paneli. Aliiosha kama tulivyomwosha koko, kuanzia juu, paji, mashavu, kidevu, polepole, akikamua nguo na kurudia. Maji ya kahawia yalitiririka ukingoni yakanidondokea mkononi.

Alipomaliza alisogeza uso wake karibu.

Sijui alitazama kwa muda gani. Naijua tu ile hewa iliyokuwa imesimama, na sauti za kilio zilizokuwa zimekoma, na bomba lililokuwa likivuta pumzi yake uani. Kisha mama akaitikia kitu, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeitikia salamu jikoni. Akanyoosha mkono kwenye kitenge cha jirani, kile chenye kuku, akafungua kamba, akakiangusha. Na kilichofuata pia. Alifungua vyote ambavyo mkono wake ulivifikia, kisha akaniamuru nisogeze ngazi, akafungua vilivyobaki. Vilianguka kwenye majani, vya kijani, vya njano. Mngurumo ulipanda kutoka ardhini ukaijaza miguu yangu, magoti, tumbo, na safari hii haukukatika.

"Uliona nini?" nikamwuliza aliposhuka.

"Bako babili."

Nilitaka kumsaidia. Nilisema, "Mmoja ni weye, mama. Na mwingine..." nikakosa wa kumtaja, maana mimi nilikuwa chini.

"Mi nilikuwa peke yangu kule juu," akasema, akikunja kitenge cha koko kilicholowa. "Bako babili. Moja amefunga kitambaa nyekundu. Sasa unataka nibafungie mu giza?"

Alienda mwenyewe barabarani, bila viatu, kuwaita wale wanawake wanne warudi. Walimwaga maji ya mtoni palepale.

Mjomba alifika alasiri, ameloa mpaka kiunoni, ananuka samaki na mafuta ya mashini. Hata kabla ya kuingia kumwona mama yake alikwenda kwenye bomba, akakinga mikono, akanywa, akakinga tena. Mama alisimama mlangoni akimtazama anavyomeza. Hakumzuia.

"Mayi yenu iko tamu leo," mjomba akasema, akifuta midomo.

"Kunywa," mama akamwambia. "Kunywa, kaka yangu."

Tulimzika koko kabla jua halijashuka nyuma ya milima. Udongo wa kwanza ulitupwa na mjomba. Kesho yake mama alifunua kioo cha chumbani na kuigeuza picha ya harusi, kama inavyotakiwa, bila kusita.

Siku hizi yeye ndiye anayeziosha paneli. Komite ilimpa ufunguo, na mzee anasema maji hayajawahi kuja kwa nguvu hivi, jambo ambalo ni la kawaida, paneli safi hufanya kazi vizuri. Alipokufa mtu wa nyumba ya tatu, wenye msiba walikuja na vitenge mkononi kuuliza kama wafunike. Mama aliwatoa nje ya uzio karibu kwa fimbo. Walirudi wakafunika vioo vyao tu.

Nikija kutoka Bukavu hunichukua nimshikie ngazi. Hupanda na ndoo na kitambaa laini, asubuhi, kabla paneli hazijapata moto. "Panda na weye, uone," huniambia kila mara. Sijapanda. Nashika ngazi kwa mikono miwili, natazama visigino vyake, na namsikiliza anavyosimulia habari za kijiji huku akifuta, nani ameolewa, nani amerudi kutoka ng'ambo, bei ya samaki wa ndagala Baraka, akinyamaza kidogo kila mahali ambapo mtu angejibu.